Hodi, Wenye Mzinga

Baba yangu amerina asali katika mapori ya Sikonge kwa zaidi ya miaka 40, na kanuni yake juu ya nyuki ni moja: usiwapigie hodi. Unapanda mti usiku, kienge cha moto mkononi, unachukua unachochukua, unashuka, unaondoka. Ukibisha hodi kwenye mzinga wa Tabora utaitikiwa na ukoo mzima.

Kwa hiyo sikumwambia kwamba asubuhi moja ya mwezi wa pili, nyuzi 18 chini ya sifuri, nilikuwa nimepiga magoti kwenye theluji nyuma ya nyumba yetu huku Minnesota, nimeukumbatia mzinga kama ndugu aliyepotea akapatikana, sikio nimelibandika ubaoni, nagonga kwa kidole kimoja na kunong'ona: "Hodi, wenye mzinga. Mpo?"

Wenye mzinga hawakujibu. Aliyejibu ni mzee jirani, kutoka upande wa pili wa uzio, akiwa na koleo la theluji mkononi. Aliniuliza kama mambo yote ni salama. Watu wa huku wana adabu ya ajabu. Wanaweza kukukuta unaungua moto wakakuuliza kama ungependa maji. Nikamwambia salama kabisa, nasikiliza nyuki tu. Akasema "aha," kisha akarudi kuzoa theluji mahali palepale alipokwisha kuizoa, ili aendelee kunitazama vizuri.

Nirudi nyuma kidogo. Mizinga hiyo ni miwili, wa kushoto na wa kulia, na niliianzisha Aprili ya mwaka uliotangulia. Nyuki nilinunua. Hapo ndipo mambo yangu na baba yalipoanza kwenda kombo, maana nilimpigia simu kwa furaha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Habari za huko?"

"Njema, baba. Nimenunua nyuki."

Simu ikawa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Umenunua nini?"

Kwetu nyuki hawanunuliwi. Unachonga mzinga wa gogo, au unabandua gome la mti na kulifunga kuwa mzinga, unaupaka nta kwa ndani, unautundika juu, basi. Watakuja wenyewe wakiona panafaa, na siku wakiona hapafai watahama bila kumuaga mwenye nyumba. Hawa wangu walikuja kwa lori kutoka California, kilo moja na nusu hivi ya nyuki katika sanduku la wavu, kama 10,000 kwa makadirio, na malkia yuko peke yake katika kizimba cha ukubwa wa kiberiti, mgongoni kapakwa nukta ya kijani. Rangi hiyo ni ya mwaka. Wafugaji wana utaratibu wao: malkia wa mwaka unaoishia na 4 au 9 hupakwa kijani, mwaka unaofuata ni buluu, kisha nyeupe, njano, nyekundu, mzunguko unarudi mwanzo, ili ujue umri wa malkia bila kumuuliza.

"Kwa hiyo ana kitambulisho," baba alisema.

"Ndiyo baba. Kama namba ya NIDA."

"Na stakabadhi walikupa?"

"Walinipa."

"Itunze."

Jirani naye, siku alipoona masanduku, aliniuliza kwa sauti ya chini kama nyuki hao wametoka Afrika. Swali lake lina historia. Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika Kusini na Tanganyika akawapeleka kwao kuboresha mbegu. Mwaka uliofuata makundi 26 yakatoroka. Yakazaliana na nyuki wa kule, yakapanda kaskazini nchi baada ya nchi bila viza, na mwaka 1990 yakaingia Texas, ambako magazeti yaliwaita nyuki wauaji. Baba huipenda sana habari hii. Huisikiliza kama anavyosikiliza habari za vijana wa kijijini waliofika mbali. Lakini jirani alitaka kutulizwa, nikamtuliza: hapana mzee, nyuki hawa ni uzao wa Kitaliano, wametoka California. Aliyetoka Afrika ni mimi. Akacheka kidogo, halafu akaniomba radhi mara tatu.

Sasa tuje kwenye baridi yenyewe. Nyuki hawalali majira ya baridi, ingawa hata mimi nilidhani wanalala. Wanajikusanya ndani ya mzinga kuwa tufe moja, malkia katikati, wanatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, wanakula asali na kutoa joto. Walioko pembezoni wakizizima wanajipenyeza ndani, na wa ndani wanasogea pembeni. Malkia akishaanza kutaga, katikati ya tufe hilo hukaa nyuzi 34 au 35, na hapo nje ya ubao kamasi zako zimeganda puani. Nyuki kibarua wa kiangazi huishi wiki sita hivi. Yule anayezaliwa mwishoni mwa msimu anaweza kufika miezi sita, kwa kuwa kazi yake ni kukaa na kutetemeka tu. Madume hawamo. Madume hutolewa nje kabla baridi haijakolea, kwa sababu wanakula na hawafanyi kazi.

Kosa langu ni kumsimulia mke wangu kipengele hicho cha mwisho. Tangu siku ile, nikiacha buti zenye theluji katikati ya sebule, hagombi tena. Anatazama kalenda na kusema, "Mwezi wa kumi si mbali."

Mke wangu ni Mzaramo, mimi ni Mnyamwezi, na utani wetu tulipanda nao ndege. Mwezi wa kumi na moja nilipokuwa nahangaika kuizungushia mizinga koti jeusi la kuzuia upepo, na kuinua masanduku ya masega (mzinga mmoja unahitaji kama kilo 40 za asali kuvuka majira ya baridi ya huku), yeye alikaa dirishani na kikombe cha chai ya tangawizi, amefungua kioo kidogo tu, kiasi cha kupitisha sauti: "Mzigo mzito mpe Mnyamwezi!" Nilimwomba aje ashike upande mmoja. Akasema Wazaramo hawabebi, Wazaramo ndio waliokuwa wakiwapokea wabebaji pwani.

Mwezi wa kwanza nikaingiwa na wasiwasi kwamba asali haitatosha, nikawawekea sukari kavu juu ya masega. Nikamwambia baba. Sijui kwa nini humwambia baba kila kitu.

"Sukari kiasi gani?"

"Kilo tano kila mzinga."

"Kilo kumi!" Nikamsikia akimgeukia mtu pembeni yake. "Anawapa nyuki sukari. Kilo kumi." Kisha akanirudia, kwa sauti ya upole ambayo mzee huwawekea wagonjwa. "Mwanangu. Umewanunua, umewavalisha koti, sasa unawalisha. Na wakikuuma?"

"Hawa hawaumi sana, baba. Ni wapole."

"Basi hao si nyuki. Hao ni kuku."

Sikuwa na jibu. Aliuliza pia kwa nini hawahami, maana nyuki mwenye akili, palipomshinda, huhama. Nikamwambia watahamia wapi, nje ni theluji mpaka upeo wa macho. Akafikiri. "Kwani nyinyi mnasubiri nini huko?" Mke wangu alikuwa karibu, na simu ilikuwa kwenye spika. Alipiga makofi.

Kwa hiyo, Februari, nikawa nasikiliza. Baada ya ile aibu ya kukumbatia mbao mbele ya jirani niliona nitafute njia ya kitaalamu. Mke wangu ni muuguzi msaidizi katika nyumba ya kutunzia wazee, na nyuma ya mlango huning'iniza kile kifaa cha kusikilizia kifua. Nilikiazima. Nasema nilikiazima kwa maana ya kwamba yeye alikuwa amelala baada ya zamu ya usiku. Nikaenda nacho kwenye theluji, nikaanza na mzinga wa kulia, na pale, ndani kabisa, kama jenereta la mtaa wa tatu, nikawasikia. Mvumo mmoja, mwembamba, usiokatika. Nilitabasamu mpaka meno yakauma kwa baridi.

Mzinga wa kushoto, kimya. Nikasogeza juu, kimya. Nikasogeza pembeni, nikasikia du-du, du-du, nikaruka kwa furaha. Ulikuwa moyo wangu.

Nilirudisha kifaa mahali pake nikidhani nimemaliza. Lakini nyuki huziba kila ufa wa mzinga kwa gundi yao, ile kahawia wanayoitengeneza kwa utomvu wa miti. Kwenye baridi inakuwa ngumu, inavunjikavunjika kama kashata; kwenye joto la nyumba inalainika na kunata. Chembe zake zilikuwa zimebaki kwenye kile kisahani cha kifaa. Usiku ule, mke wangu alikiweka kifuani kwa bibi mmoja, na alipotaka kukiondoa kikaja na gauni. Alinipigia simu kutoka kazini, jambo ambalo hafanyi. Kilichoniokoa ni kwamba bibi mwenyewe aliomba kifaa kiachwe kidogo, kinanukia vizuri.

Katikati ya mwezi wa tatu likaja jua la kwanza la maana, nyuzi 11 juu ya sifuri. Hapa inabidi niseme jambo kuhusu nyuki ambalo wanaolipenda neno "asali" hawalifikirii. Nyuki mzima wa afya hajisaidii ndani ya mzinga. Hujizuia. Baridi ikichukua miezi mitatu, hujizuia miezi mitatu. Siku ya kwanza yenye joto la kutosha wanatoka wote kwa pamoja, na hawatoki kutafuta maua.

Kwa mfugaji, madoa ya njano juu ya theluji ni habari njema kuliko barua ya benki. Bahati mbaya, jua lile halikuwafurahisha nyuki peke yao. Mke wangu, ambaye hajawahi kuiamini mashine ya kukaushia nguo, alikuwa ameanika mashuka meupe na kanga zake mbili. Jirani alikuwa ametoa gari lake jeupe, ameliosha, analifuta kwa kitambaa. Niliwaona nyuki wanavyomiminika kutoka mzinga wa kulia, nikaona njia wanayoelekea, nikasimama pale kama mtu anayetazama daladala likirudi nyuma taratibu kuelekea meza ya nyanya.

Ilichukua kama dakika 20.

Jirani akaja uzioni akiwa na njano kwenye ncha ya kidole. Akauliza, kwa adabu ileile, kama hii ni chavua.

Nikamwambia ni chavua. Na ukweli ni kwamba sikudanganya moja kwa moja. Nyuki hula chavua, na mabaki yake ndiyo hayo. Ilikuwa chavua iliyopita njia ndefu kidogo. Alikinusa kidole. Nikatazama mawingu. Siku ya pili nilimpelekea chupa ya asali, na mpaka leo anaamini nilimpa kwa ujirani mwema.

Kwa mke wangu sikujaribu hata neno. Alisimama mbele ya kamba ya nguo, mikono kiunoni, akasoma madoa yale moja baada ya jingine. "Huko kwenu Sikonge," alisema hatimaye, "hamkuwachimbia choo?"

Lakini nilikuwa nimeona jambo lingine siku ile, nikalinyamazia. Mzinga wa kushoto haukutoa hata nyuki mmoja.

Nilisubiri wiki nne zaidi. Kuna sababu ya kitaalamu: haifai kutoa masega nje kabla joto halijazidi nyuzi 13 au 15, watoto watakufa kwa baridi. Sababu ya kweli ni kwamba sikutaka kujua. Jumamosi moja ya Aprili, jua limewaka na mierebi imeanza kutoa maua, visingizio viliisha. Nikavaa vazi langu jeupe la kinga kuanzia utosini hadi miguuni, kofia yenye wavu, glavu hadi viwiko, nikawasha majani makavu ya msonobari ndani ya bomba la moshi. Baba aliwahi kuniona kwenye video nimevaa hivyo akaniuliza ninakwenda sayari gani. Yeye alikuwa akipanda mti na kaptula.

Nilianza na wa kushoto. Nikapuliza moshi mlangoni kwa heshima, nikafungua kifuniko, nikachomeka chuma na kubandua sega la kwanza. Kikatoka kitu cha kahawia, chenye mkia, kikapita juu ya glavu yangu na kuingia chini ya mkono.

Mwana wa mrina asali wa Sikonge, aliyekua akila masega yenye nyuki, alipiga ukelele uliofungua madirisha ya mtaa. Alikuwa panya. Kila mwaka, baridi ikibisha, panya hutafuta mahali pa joto, na mzinga ni nyumba yenye chakula na blanketi. Kuna kibati chenye matundu unachokiweka mlangoni ili nyuki wapite na panya asipite. Changu kilikuwa katika banda la gari, kwenye msumari, tangu Septemba. Nilikuwa nimekitundika mahali ambapo nisingeweza kukisahau.

Jirani alikuwa amesimama uzioni. Aliniuliza kama ni nyuki. Nikasema ndiyo.

Chini ya kiota cha panya, kati ya sega la nne na la tano, niliwakuta. Walikuwa wachache, hawazidi ukubwa wa ngumi, wamekufa vichwa vikiwa ndani ya vyumba vya sega, mikia tu iko nje, wamepangana kama watu walioinamia mtungi kutafuta tone la mwisho. Ndivyo nyuki anavyokufa njaa. Na sega la pili yake, mwendo wa kiganja kimoja, lilikuwa limejaa asali, imefunikwa nta, haijaguswa. Kundi likishapungua mno haliwezi kutoa joto la kutosha kuvuka hata kiganja hicho. Kilichowapunguza nadhani nakijua: utitiri wa varoa, ule mwekundu unaong'ang'ania mwili wa nyuki na kumdhoofisha. Nilipaswa kuwapima mwezi wa nane. Mwezi wa nane nilikuwa Sikonge, arusini, nakula asali ya baba.

Nikawafagia kwa brashi hadi kwenye ndoo. Katikati yao nikaona nukta ya kijani. Nikamtoa, nikamweka juu ya kifuniko peke yake, sijui kwa nini. Mke wangu alikuwa ametoka hadi barazani. Alitazama ndoo, akatazama lile sega la asali.

"Maskini," akasema. "Wamefia jikoni."

Hakunitania tena hadi saa nane.

Wa kulia niliufungua nikiwa sina matarajio, na hiyo ni namna mbaya ya kufungua mzinga. Kabla kifuniko hakijainuka vizuri, mvumo ulikwishanifikia kifuani. Walikuwa wamejaa. Sega la kwanza nyuki, la pili nyuki, la tatu nyuki wenye vifurushi vya chavua miguuni, njano mbivu. La nne nilitaka kuona mayai, maana mayai ndiyo cheti cha malkia; ukiyaona, yupo na anafanya kazi. Lakini yai la nyuki halifiki urefu wa punje ya ufuta, mimi huvaa miwani, na miwani ilikuwa imejaa mvuke wa pumzi yangu ndani ya wavu. Nikainua sega juani. Ukungu. Nikalisogeza. Ukungu. Nikafanya jambo ambalo mtoto wa darasa la pili kule kwetu asingelifanya: nikainua wavu, nikavua miwani, nikaleta uso.

Mayai yalikuwepo. Moja kila chumba, meupe, yamesimama wima. Niliyaona kwa macho mawili kwa muda wa sekunde mbili hivi, na baada ya hapo kwa jicho moja.

Kope la kushoto. Yule nyuki alijua anachokifanya.

Jioni nikampigia baba. Nilimpa habari za kushoto kwanza, na akanyamaza, kwa sababu mrina asali anajua thamani ya kundi. Aliniuliza walikufaje, nikamweleza. "Na asali ipo ndani?" Ipo, baba. Akanyamaza tena. Kisha akauliza kama ile stakabadhi ninayo, nikasema ninayo, akasema basi niirudie ile kampuni na ndoo yangu. Nikamwambia mambo ya huku hayaendi hivyo. Akasema nimeshajaribu?

"Na huyo mwenye sauti ya pua ni nani? Una mafua?"

"Hapana baba. Nimevimba."

"Washa video."

Nikawasha. Kope lilikuwa limefunga kabisa, shavu limepanda mpaka kwenye nyusi, na nusu ya mdomo ilikuwa imeamua kufuata shavu. Baba akasogeza simu karibu mpaka nikaona pua yake tu. Akaisogeza mbali. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha ambayo sikuiona hata siku nilipomaliza chuo.

"Mama yao!" akaita, bila kuondoa macho kwenye simu. "Mama yao, njoo haraka umwone mtoto! Si kuku! Ni nyuki!"